Maalim si jina: nani hasa alimvusha Vasco da Gama kwenda India?

Msomaji mmoja wa Kisauni ameniandikia hivi: "Asalaam aleykum maalim. Mwanangu yuko gredi ya 7, shuleni wameambiwa Ahmad bin Majid wa Malindi ndiye aliyemwonyesha Vasco da Gama njia ya kwenda India. Kuja nyumbani, mjombake akamwambia ati huyo mzee alileweshwa pombe ndo akaitoa siri ya bahari. Mtoto tangu siku hiyo ananisumbua, anataka kujua ni kweli au la. Nimwambie nini?"

Wa aleykum salaam dada yangu. Nimelifurahia sana hili swali manake si mara ya kwanza kuulizwa, na mimi mwenyewe nikiwa mdogo huku Mji wa Kale nilifundishwa vilevile, bin Majid, Malindi, 1498, andika, haya twende mbele. Ilinichukua miaka mingi mpaka kuja kukaa kitako nikasoma wale waliokuwamo ndani ya zile meli waliandika nini, na nikakuta jina la bin Majid halimo. Nikarudia tena nikidhani nimelipita. Halimo.

Kwa hivyo jibu lenyewe nikupe mapema: siye yeye, hakuwa mtu wa Malindi, na hiyo habari ya pombe iliandikwa zaidi ya miaka 70 baada ya safari. Lakini ukimwambia mtoto hivyo tu atakuuliza basi alikuwa nani, na hapo ndo penye utamu, kwa hivyo nikuhadithie tangu mwanzo, na mwanzo wake wala si Malindi, ni hapa hapa kwetu Mombasa.

Kwenye meli za Gama, huyo nahodha Mreno, kulikuwa na mtu akiandika kila siku yaliyotokea. Hakuweka jina lake, wengi wanamdhania ni baharia mmoja aitwaye Álvaro Velho, na nakala ya hilo daftari imebaki mpaka leo. Anasema walifika mbele ya Mombasa Jumamosi tarehe 7 Aprili 1498, wakatia nanga nje, hawakuingia bandarini. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi kwao. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, na machungwa mengi na malimau na miwa, na pete ya amani juu yake. Hebu lishike hilo la machungwa. Mwandishi anasema wagonjwa wao wote walipona walipofika Mombasa, na akaona ni rehema za Mungu na hewa nzuri ya mji. Wale watu walikuwa wameumwa na kiseyeye, fizi zimewavimba mpaka hawawezi kutafuna, na kiseyeye sasa tunajua dawa yake ni vitamini C iliyomo kwenye machungwa na malimau. Wakala matunda yetu wakasifu upepo, na ilipita karibu miaka 250 kabla daktari mmoja wa Scotland, James Lind, hajalifanyia majaribio jambo hilo, mwaka 1747.

Wakateremsha watu wawili waje kuutazama mji. Wakatembezwa, wakafikishwa mpaka nyumba ya wafanyabiashara wawili ambao wao waliwaita Wakristo, na hao wakawaonyesha karatasi yenye mchoro wanaouabudu, nao wakaamini ni mchoro wa Roho Mtakatifu. Mombasa, 1498! Wanahistoria wengi wanaona hao walikuwa Wahindu na huo mchoro ni wa mungu wao mmojawapo. Hili nalo liweke, litatufaa mbele, kwamba Mreno wa wakati ule akimwona mtu si Mwislamu na anasujudia picha, basi huyo kwake alikuwa Mkristo, hana jina jingine la kumwita.

Jumanne tarehe 10 ndo mambo yakaharibika. Meli zinang'oa nanga ziingie bandarini, meli ya Gama ikakataa kugeuka, ikaigonga iliyo nyuma yake, wakatia nanga tena kwa haraka. Watu wa Mombasa waliokuwa wamepanda melini wakaona hapa pana jambo, wakateremka kwenye chombo chao kidogo, na marubani wawili waliochukuliwa Msumbiji wakajitosa majini wakaokolewa na hao wenzao. Usiku ule Gama akawashika mateka wawili wengine wa Msumbiji na kuwadondoshea mafuta ya moto kwenye ngozi, waseme Mombasa wanapanga nini. Walipoanza kuteswa mara ya pili mmoja akajirusha baharini na mikono yake imefungwa, na wa pili naye akajirusha karibu na alfajiri. Haya si maneno ya adui yao, ni daftari lao wenyewe.

Usiku wa manane vijana wa hapa wakaja. Mitumbwi miwili ilisimama mbali kidogo, wengine wakaingia majini wakaogelea kimya kimya mpaka kwenye meli ndogo, Berrio, wakaanza kuzikata amari za nanga, na wengine wakaiendea São Rafael wakakwea mpaka kwenye kamba za mlingoti. Mabaharia wa zamu waliona maji yanachezacheza, wakadhani ni jodari! Nikisoma hapo huwa nasimama, manake ukikaa pale bandari ya kale usiku ukatazama maji, utaelewa kabisa kwa nini mtu angedhani ni jodari. Walipogundua wakapiga kelele, waogeleaji wakapiga mbizi wakatokomea. Hatukuambiwa majina yao hata mmoja, lakini nusura safari nzima iishie hapa.

Tarehe 13 wakaondoka bila rubani wa kuwavusha, na huko njiani wakafanya kama walivyozoea, wakakimbiza chombo cha watu wakakiteka, watu 17 ndani, dhahabu na fedha na nafaka, na mzee mmoja mwenye hadhi na mkewe kijana. Hao mateka ndo waliowaambia, kuko Malindi kuna vyombo vinne vya kutoka India, mkituachia mtapata rubani. Kwa hivyo Gama hakuja Malindi kwa bahati, alielekezwa na watu aliowateka, na alifika tarehe 14 jioni akimtafuta rubani wa Kihindi tangu mwanzo.

Malindi waliwapokea vizuri, na sababu iko wazi kwa yeyote anayejua mambo ya mwambao: Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu, na aliyetoka Mombasa amekosana na watu wake alikuwa rafiki wa Malindi hata kabla hajafungua mdomo. Mfalme akaja na mashua, amevaa joho la hariri, amefunikwa mwavuli mwekundu, na wapigaji wanapuliza pembe mbili za ndovu zilizochongwa, urefu wa mtu mzima, zinapulizwa kwa tundu la ubavuni. Dada yangu hiyo ni siwa, baragumu la wafalme wa mwambao! Mreno anaieleza siwa bila kujua jina lake. Siku tisa zikapita kwa ngoma na michezo, lakini rubani haonekani.

Sasa hapa vitabu vingi vya shule vinaruka. Vinasema Sultani wa Malindi kwa ukarimu wake akampa Gama rubani. Daftari linasema Jumapili tarehe 22 alikuja melini mtu wa karibu sana wa mfalme, na kwa kuwa siku mbili hakuna aliyefika, Gama akamkamata huyo mjumbe akamzuia, akapeleka ujumbe kwamba nataka rubani mliyeniahidi. Mfalme kupata habari akamtuma rubani mara moja, na mjumbe akaachiliwa. Yaani alitolewa kwa dhamana ya mtu. Tarehe 24 Aprili, Jumanne, wakatweka.

Na rubani mwenyewe daftari linamtaja kwa neno moja tu: Mkristo. Basi. Mtu aliyekuwa naye chombo kimoja hakumwandika jina.

Wanaokuja kumpa jina ni waandishi wa Ureno waliokusanya habari baadaye. Castanheda, 1551, anamwita Canaqua na kusema ni Mgujarati, yaani mtu wa Gujarat huko India. Barros, 1552, anasema ni Mwislamu wa Gujarat na jina lake Malemo Cana. Damião de Góis, 1566, anaandika Malemo Canaqua. Unaona wanavyohitilafiana dini lakini Castanheda na Barros wote wawili wanasema Gujarat, na hilo linaingiliana vizuri na vile vyombo vinne vya India vilivyokuwa Malindi, na watu wake, daftari linasema, walikuwa na ndevu ndefu na nywele za kusuka na walisema hawali nyama ya ng'ombe.

Haya, lisome hilo "Malemo" kwa sauti. Malemo. Ma-le-mo. Wewe umenianza kwa kuniita nani? Maalim! Ndilo hilo hilo. Kiarabu muallim kwa mabaharia alikuwa ndiye mtu anayeiongoza njia ya chombo, anayejua nyota na pepo na vina, na sisi tumelichukua tukapata maalim na mwalimu. Na Canaqua, au kanaka, ni neno la Kihindi la mtu wa hesabu za nyota, mnajimu. Kwa hivyo Malemo Canaqua si jina la mtu, ni kazi yake imetajwa mara mbili, mara kwa Kiarabu mara kwa Kihindi, ni kama mtu aje kwetu aulize yule aliyeendesha matatu anaitwa nani aambiwe "dereva", aende akaandike kwao kwamba Bwana Dereva wa Mombasa alinipeleka. Miaka 500 tunalitafuta jina la mtu ambaye jina lake hakuna aliyejali kuliuliza, na mimi hilo linaniuma kuliko uongo wenyewe.

Barros ametuachia kitu kimoja kizuri sana juu yake ambacho ningependa mwanao akijue. Anasema rubani alimfunulia Gama ramani ya pwani yote ya India, imepigwa mistari ya kukatana. Gama naye akataka kumshangaza, akatoa kifaa chake kikubwa cha mbao cha kupimia jua na vingine vya chuma. Rubani hakushangaa hata kidogo. Akamwambia marubani wa Bahari ya Sham wanavyo vya shaba vya namna hiyo, sisi tunatumia kingine, akamwonyesha vibao vitatu. Hicho ni kamal: kibao cha mbao chenye uzi wa mafundo katikati, unauma uzi kwa meno, unanyoosha kibao mbele mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota, na fundo ulilouma ndilo linakuambia nyota imepanda vidole vingapi. Ndiyo, walihesabu kwa vidole. Kibao na uzi, na ndicho kilichowafikisha.

Na waliipata pwani bila kubahatisha. Siku 23 hawajaona ardhi, halafu tarehe 18 Mei wakaona milima ya India, na tarehe 20 wako mbele ya Calicut. Linganisha na kurudi. Gama alitoka India mwanzo wa Oktoba 1498, kaskazi, ule upepo wa kutoka India kuja huku, haijakaza bado, na mtoto yeyote wa nahodha wa jahazi angemwambia ngoja kidogo. Wakakwama baharini shwari na pepo za mbele karibu miezi mitatu, wakafa watu 30 kwa kiseyeye, na kila meli ikabaki na watu saba au wanane tu wa kufanya kazi. Mwezi wa kwanza 1499 walipopita huku kwetu tena hawakuwa na mabaharia wa kutosha meli tatu, wakaichoma moto São Rafael, ile ile iliyokwewa na vijana wa Mombasa. Bahari ile ile, meli zile zile. Kwenda walikuwa na maalim na mwanzo wa kusi, ule upepo wa kwenda India, kurudi walilazimisha.

Sasa bin Majid anaingiaje? Ahmad bin Majid alikuwa mtu kweli, na mkubwa sana. Alikuwa mzaliwa wa Julfar, ambayo leo ni Ras al-Khaimah, si Malindi, na mnamo mwaka 1490 alikamilisha kitabu kikubwa cha elimu ya bahari, na mashairi chungu nzima ya njia za vyombo, mengine yanafika mpaka pwani hii yetu na Sofala. Mwaka 1498 alikuwa mzee tayari. Mwaka 1854 Mwingereza Richard Burton akitoka Aden kwa chombo aliwakuta mabaharia wanamsomea Fatiha Sheikh Majid kabla ya kuingia bahari kuu. Miaka 350 baadaye watu bado wanamwombea dua. Mtu kama huyo ndo tumekuja kumwita mlevi.

Na ni nani aliyemwita mlevi? Mwanachuoni wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyefariki 1582, alipokuwa akiandika kitabu cha Waturuki kuiteka Yemen. Kwenye kueleza Wareno walifikaje Bahari ya Hindi akasema walikuwa wanapotea na kuvunjikiwa vyombo mpaka baharia hodari, Ahmad bin Majid, alipokunywa na mkuu wao akalewa akawaambia njia. Hakuwapo, hakumtaja aliyemhadithia, na anaandika wakati Wareno wameshawaumiza Waislamu kila bandari, kwa hivyo watu walikuwa wanatafuta nani aliyefungua mlango. Hebu fikiri, ukitaka kumpata mwenye siri zote za bahari utamtaja nani kama si yule mwenye vitabu? Umaarufu wake ndo uliomponza. Kisha kwenye miaka ya 1920 Mfaransa Gabriel Ferrand akayashika maneno ya Nahrawali kwa mkono mmoja na Malemo Canaqua wa Wareno kwa mkono wa pili, akayafunga pamoja, akasema ni mtu mmoja. Alikuwa msomi mkubwa, watu wakamwamini, vitabu vikachapishwa, walimu wakasoma, na sisi tukafundishwa. Tangu hapo waliochunguza maandishi ya bin Majid wameipinga, Tibbetts aliyemfasiri kwa Kiingereza mwaka 1971 alitia shaka, na mtawala wa Sharjah, Sheikh Sultan al-Qasimi, ambaye ni mwanahistoria, aliandika kitabu kizima mwaka 2000 kumsafisha. Lakini kitabu cha shule kikishasema, kukitoa ni kazi.

Kuna kitu kingine kinachonifanya niikatae hii hadithi, nacho ni kwamba hakukuwa na siri ya kutoa. Njia ya Malindi na Gujarat ilikuwa ni kama barabara, kila mwaka vyombo vinakuja na kaskazi vinarudi na kusi, vimeleta nguo na shanga vinachukua pembe na dhahabu. Hapo bandarini kulikuwa na watu wengi waliokuwa wanaijua kama mimi na wewe tunavyoijua njia ya kwenda feri. Gama hakuhitaji kumlewesha gwiji mmoja mzee, alihitaji rubani wa kazi yeyote, na akampata kwa kumshika mtu wa mfalme.

Kwa hivyo mwambie mjomba, kwa heshima yake, hiyo ya pombe aiache, anamsingizia marehemu. Na mtoto akiulizwa mtihanini naogopa kumwambia akatae akakosa maksi, manake anayesahihisha ana karatasi yake ya majibu, basi darasani aandike walivyofundishwa lakini amuulize mwalimu wake kwa adabu, je, Wareno waliokuwamo melini walimtaja? Swali kama hilo mwalimu mzuri atalipenda.

Na kama anapenda kazi za mikono, mtengenezee kamal. Kibao chembamba cha kutosha kiganja, toboa tundu katikati, pitisha uzi, piga mafundo. Usiku usio na mwezi nendeni naye ufukweni Nyali. Ila asiitafute nyota ya kaskazi, huku Mombasa haionekani, tuko digrii 4 kusini ya ikweta na hiyo nyota iko chini ya maji. Atafute nyota mbili zinazoizunguka, mabaharia waliziita Farqadan, wakiwa kusini walipimia hizo, na mwezi wa nne na wa tano jioni zinapanda vizuri. Daftari la Wareno linasema waliiona tena nyota ya kaskazi Jumapili, siku ya tano tangu kutoka Malindi, baada ya muda mrefu bila kuiona, nao wakaiandika kama watu waliomwona jamaa yao.